Kwa Nini Timu ya Thika Ianze na Makocha Kabla ya Mshambuliaji

Ligi ya Kenya haimo kwenye orodha ya ligi ambazo Football Manager, gemu la kompyuta la kuendesha timu ya soka, huja nazo. Kwa miaka mingi, aliyetaka ligi ya Afrika bila kuongeza chochote aliishia Afrika Kusini. Anayetaka kuirudishia Thika United hadhi yake, au kuishika Bidco United aone atafika nayo wapi, sharti apakue faili lililotengenezwa na mashabiki, aliingize kwenye gemu, kisha aombe kompyuta isigome msimu ukiwa katikati. Usumbufu huo humfaa zaidi mtu aliye mbali: zamu imekwisha, nje kuna theluji ya Lowell au joto la Doha, na majina ya nyumbani yamejipanga kwenye skrini. Kinachofuata ni mbio za sokoni. Anasakwa mshambuliaji wa kumaliza ukame wa mabao, na ukurasa wa benchi la ufundi unaachiwa msaidizi aujaze apendavyo. Hoja yangu ni kwamba kwa timu ya ukubwa wa zile za Thika na Ruiru, mpangilio huo uko kinyume. Shilingi ya kwanza inafaa iende kwa makocha, na makocha wenyewe wachaguliwe kwa tabia kwanza, ujuzi pili, jina mwisho. Baadhi ya sababu ziko ndani ya hesabu za gemu. Nyingine ziko kwenye historia ya kandanda kando ya barabara kuu ya Thika, na hizo ndizo zinazonifanya niamini kwamba watengenezaji hawakubahatisha.

Gemu hili lina umri wa mtu mzima. Ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, walitoa Championship Manager mwaka 1992. Kampuni yao, Sports Interactive, ilipoachana na mchapishaji wake, jina la zamani lilibaki kwa mchapishaji, nao wakaja na Football Manager mwishoni mwa 2004. Kadiri matoleo yalivyofuatana, benchi la ufundi lilizidi kupewa uzito, hata toleo la 2024 likaleta kocha wa kushughulikia kona na frikiki pekee. Kila anayekaa benchini ana sifa zenye alama kuanzia 1 hadi 20. Zipo za ufundishaji, kama vile kushambulia, kulinda, mbinu, ufundi wa mpira, mazoezi ya viungo na kufanya kazi na chipukizi. Zipo za kupima uwezo wa mchezaji alivyo leo na atakavyokuwa kesho. Halafu zipo za tabia, ambazo macho huziruka kwa haraka ya kutafuta namba kubwa kwingineko: ukakamavu, nidhamu na uwezo wa kutia watu hamasa.

Hizo tatu ndizo kiini cha jambo lote. Wachezaji wa matoleo ya nyuma walikaa wakapima, wakafikia hesabu iliyozoeleka sana: kwa kocha wa mashambulizi, alama ya kushambulia huzidishwa mara 6, ya mbinu mara 3, na jumla ya zile sifa tatu za tabia huzidishwa mara 2. Jumla kuu ikifika 270, kocha anapata nyota 5. Ikiwa kati ya 180 na 209, nyota 3 na nusu. Kati ya 150 na 179, nyota 3. Chukua makocha wawili wa kubuni wanaoomba kazi Thika. Wa kwanza ana kushambulia 14 na mbinu 13, lakini ukakamavu wake ni 7, nidhamu 6, hamasa 8. Wa pili ana kushambulia 11 na mbinu 9 tu, ila ukakamavu ni 16, nidhamu 15, hamasa 15. Jicho linamwendea wa kwanza. Kalamu inasema vingine: wa kwanza anapata 84, na 39, na 42, jumla 165, wa pili 66, na 27, na 92, jumla 185. Yule aliyeonekana wa kawaida amemzidi mwenzake kwa nusu nyota katika kazi ile ile ambayo mwenzake alikuja akijivunia.

Faida haiishii hapo. Sifa ya kushambulia inamsaidia kocha akiwa kwenye zoezi la kushambulia tu, lakini zile tatu za tabia anatembea nazo. Ukimhamishia kwenye ulinzi kwa sababu kocha wa ulinzi ameondoka Januari, anakwenda nazo. Ukimpa vijana, anakwenda nazo. Kwa timu kubwa ya Ulaya yenye mtaalamu wa kila kona ya uwanja hilo halina maana sana. Kwa timu ambayo bodi imeiruhusu makocha watatu au wanne, maana yake ni kubwa, kwa sababu mtu mmoja atabebeshwa kazi mbili apende asipende. Na gemu linaadhibu mzigo: kocha aliyepangiwa eneo moja hufundisha vizuri kuliko akipangiwa manne. Ndiyo maana makocha wanne wa wastani waliogawanyiwa kazi huzidi wawili wenye majina wanaokimbizana na kila zoezi. Mishahara ya wanne hao, kwa kawaida, bado haifikii ya mshambuliaji mmoja wa maana.

Sasa tutoke kwenye skrini. Ruiru kuna makao ya Brookside, kampuni ya maziwa, na fedha za maziwa hayo ndizo zilizoibeba Thika United kwenye Ligi Kuu ya Kenya kwa miaka kadhaa. Ilishushwa ngazi mwaka 2018. Thika kwenyewe kuna Bidco, ya mafuta ya kupikia na sabuni, na timu yake ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020. Anthony Akhulia akainoa humo kwa misimu kadhaa. Hizi ni timu za miji ya viwanda. Zina mdhamini mmoja, mashabiki wa kiasi, na jirani mwenye nguvu asiyefika kilomita 50, Nairobi. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe mwaka 2012, kijana wa Ruiru anaweza kufanya mazoezi Ruaraka au Kasarani na kurudi kulala kwao. Mchezaji anayeng'ara kwenye timu ya aina hiyo haondoki kwa usaliti. Anaondoka kwa sababu ofa iko umbali wa nauli ya matatu. Francis Kahata alipitia Thika United kabla Kenya nzima haijamjua akiwa klabu ya Gor Mahia, na mwaka 2019 akavuka mpaka kwenda Simba ya Tanzania. Hakuna mshambuliaji ambaye timu kama hii ingemnunua akadumu nayo. Kilichoweza kubaki Thika ni kazi ya waliompiga msasa mtoto kama huyo, kama wao wenyewe wangebaki.

Hapo ndipo gemu linapogusa ukweli kwa namna ambayo sidhani wengi huitilia maanani. Kila mwaka, siku moja, kundi la vijana wapya huingia kwenye akademia ya timu yako. Mkuu wa ukuzaji wa vijana ana ushawishi juu ya kundi hilo, na gemu huzingatia hulka yake katika hulka za wanaoingia. Ukimweka mtu mvivu wa roho kwa sababu ana alama nzuri za ufundi, usishangae miaka 3 baadaye akademia ikijaa vijana wenye kipaji wasiopenda kujituma. Ukimweka mtu mwenye msimamo na bidii, hata akiwa hajui mengi, uwezekano wa kupata vijana wa aina yake unaongezeka. Kwa timu inayoishi kwa kuuza wachezaji, huyo ndiye mwajiriwa mkuu kuliko kocha wa timu ya kwanza, na bado mara nyingi ni wa mwisho kuajiriwa. Ningemtafuta yeye kabla ya msaidizi, kabla ya skauti, na hakika kabla ya kipa wa akiba.

Pingamizi la kwanza najua litakapotoka. Atasema mtu: namba hizo za makocha wa Kenya ni za kubahatisha. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Sports Interactive hutegemea watafiti wa kujitolea walioenea duniani, na ligi isiyochezeka rasmi haipati jicho lile ambalo ligi ya Uingereza inapata. Sifa ikiachwa sifuri kwenye hifadhidata, gemu lenyewe huijaza kwa namba ya nasibu kila unapoanza upya. Kocha yule yule wa Thika anaweza kuwa na nidhamu 16 leo, na kesho ukifungua mchezo mpya akawa na 5. Kwa hiyo usimwamini mtu kwa jina lake unalolijua kutoka mitandaoni. Msome upya kila mara. Lakini pingamizi hili linaitia nguvu hoja yangu. Pale ambapo hakuna sifa ya jina inayoweza kuaminika, kinachobaki ni kanuni ya kuchagua, na kanuni haibadiliki namba zikibadilika: kwanza zile tatu, kisha sifa moja ya kazi husika, kisha umri na mshahara. Tena nasibu hiyo inampa mwenye subira nafasi. Siku ya kwanza ya mchezo kunaweza kuwa na kocha asiye na kazi, asiyejulikana na yeyote, mwenye alama ambazo timu za Nairobi hazijaziona bado.

La pili ni zito zaidi, na linahusu vyeti. Kwenye gemu, kwa kawaida hakuna anayekuzuia kumkalisha benchini mtu asiye na leseni ya juu. Kwenye maisha hali ni nyingine. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ina ngazi zake, kuanzia D hadi A na Pro, na mashindano yake hayamkubali kocha mkuu kwa sura. Gor Mahia walilijua hilo mwishoni mwa 2020: kocha wao Mbrazili, Roberto Oliveira, hakuruhusiwa kuiongoza timu kwenye Ligi ya Mabingwa kwa kukosa sifa zilizotakiwa, na Sammy Omollo, yule Pamzo, akaingia mahali pake zikiwa zimebaki siku chache kuikabili APR ya Rwanda. Mtu akiniambia kwamba tabia haijazi fomu ya CAF, sina la kubisha. Ninachosema ni kwamba cheti hupatikana kwa mafunzo na tabia haipatikani hivyo. Gemu linakuruhusu kumpeleka kocha kwenye kozi, bodi ikikubali kulipa. Anarudi na leseni ya juu zaidi na alama zimepanda kidogo. Ukakamavu wa 6, hata hivyo, hakuna kozi itakayoufikisha 15. Kwa hiyo ajiri tabia, kisha mlipie masomo.

Na masomo yenyewe ndiyo yaliyokuwa haba. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho la soka, FKF; Februari 2022 FIFA ikaisimamisha Kenya, na adhabu haikuondolewa hadi mwishoni mwa Novemba mwaka huo. Mashabiki walilia kuhusu timu ya taifa, Harambee Stars, kukosa mechi za kufuzu Kombe la Afrika. Hasara nyingine haikupigiwa kelele: shirikisho lililosimamishwa halistahiki kozi wala programu za maendeleo za FIFA na CAF. Mkufunzi kijana wa Juja au Witeithie aliyetaka kupanda ngazi moja alisimama mahali pamoja kwa miezi tisa, bila kosa lake. Gemu halina kitufe cha jambo hilo. Ndugu zetu walio nje wanaochangishana jezi na mipira kwa timu za mitaani wangelifikiria: mpira wa ngozi kwenye kokoto za uwanja wa mtaa haufikishi msimu mzima, ilhali kumlipia kocha mmoja kozi ya leseni D au C, pamoja na nauli na chakula cha siku za masomo, kunawafaidi watoto wote watakaopita mikononi mwake. Diaspora ya Kenya ilituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Sidai kwamba fedha hizo ni za kandanda. Karo na hospitali zina haki ya kwanza. Lakini katika ile sehemu ndogo inayokwenda kwenye mpira, nadhani tunanunua vitu kwa sababu vinapendeza kwenye picha.

Kuna wanaosema pia kwamba makocha nao huondoka, kwa hiyo hoja ya kudumu ni hewa. Wanaondoka, ndiyo, ila kwa kasi ndogo na kwa bei ambayo unaweza kuidhibiti. Timu kubwa huwinda wachezaji kila dirisha la usajili. Kocha wa vijana wa timu ya daraja la chini hupigiwa simu mara chache, na akipigiwa, nyongeza ndogo ya mshahara inaweza kumtuliza. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile unayojitengenezea mwenyewe kwa kutia saini mikataba mirefu. Ukimfuta kazi mtu aliyebakisha miaka 3, unamlipa fidia. FKF ilijifunza hilo kwa uchungu: ilimtimua Adel Amrouche mwaka 2014, akaenda kudai haki yake FIFA, na deni likaja kuwa zaidi ya shilingi milioni 100, huku Kenya ikitishiwa kuondolewa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022 lisipolipwa. Ningempa kocha mpya msimu mmoja, mkuu wa vijana misimu mitatu, na nisingemruhusu mwingine yeyote avuke miwili mpaka nimwone kazini.

Bado linabaki swali la kocha mkuu mwenye jina. Machi 2025 FKF ilimleta Benni McCarthy kuinoa Harambee Stars, na Agosti mwaka huo, kwenye michuano ya CHAN, ya wanaocheza ligi za nchi zao, timu ya wachezaji wa nyumbani iliongoza kundi lake Kasarani bila kupoteza mechi: ikaifunga DR Congo, ikatoka sare na Angola, ikaifunga Morocco, ikaifunga Zambia. Mabao manne yalifungwa, moja likaingia. Ikatolewa robo fainali na Madagaska kwa penalti. Mtu anaweza kuyasoma haya kama ushahidi kwamba jina kubwa linatosha. Mimi nayasoma tofauti kidogo. McCarthy hakuja peke yake. Alitangazwa pamoja na msaidizi, Vasili Manousakis, kocha wa makipa, Moeneeb Josephs, na mchanganuzi wa mechi, Pilela Maposa. Na yeye mwenyewe, kabla ya Nairobi, alikuwa Manchester United akiwa mtu wa benchi, mwalimu wa washambuliaji chini ya Erik ten Hag. Timu inayofungwa bao moja katika mechi nne za kundi ina kazi ya zaidi ya mtu mmoja ndani yake. Sitadai kwamba ningeweza kugawa sifa hiyo kwa asilimia, na yeyote anayedai anaweza anauza kitu.

Palipo na udhaifu wa kweli wa gemu ni kwenye mshahara. Timu yako ya Thika inaweza kuingia kwenye deni, bodi ikakasirika, bajeti ikakatwa, lakini makocha wako wataendelea kulipwa mwisho wa mwezi na kufika uwanjani asubuhi. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojitoa kwenye udhamini wa soka ya Kenya mwaka 2019, baada ya mzozo wake na serikali, klabu zilizoizoea zilibaki na wachezaji na makocha wa kulipwa na kisima kikavu. Hakuna alama kati ya 1 na 20 inayopima kocha anayeendelea kuwapanga watoto foleni ya kupiga chenga kati ya koni huku mshahara wa miezi miwili haujaonekana. Nikilazimishwa kutafuta kinachokaribia hilo kwenye ukurasa wa gemu, nitaangalia historia ya ajira ya mtu kabla ya sifa zake: amekaa wapi, kwa miaka mingapi, na je, aliondoka timu iliposhuka au alibaki nayo mpaka ikapanda tena. Historia hiyo iko bonyezo moja tu kutoka kwenye sifa.